Baiskeli ya Mzee Yapanda Mbuya

Baba yao alipokufa, Makokha na kaka yake Cleopas walikaa siku mbili nzima bila kugombana, jambo lililowashangaza hata waliochimba kaburi. Siku ya tatu watu wakakalishwa uani kugawa vitu vya marehemu, kama desturi ya Wabukusu inavyotaka, na hapo kila mtu akakumbuka jinsi alivyompenda mzee. Cleopas alichukua koti. Akachukua redio. Akachukua kigoda, kofia, na mkuki ambao haukuwahi kumchoma hata panya. Ilipobaki baiskeli, dada yao mkubwa Nabalayo, ambaye watoto wote wa ukoo walimwita senge, yaani shangazi, na kumwogopa kuliko padri, akasema hiyo ni ya Makokha, maana kati ya wana wa mzee ni yeye peke yake aliyewahi kula jasho la baiskeli.

Ni kweli alilila. Miaka minane Makokha alibeba watu kwenye karia pale mpakani Busia, kutoka geti la Kenya mpaka geti la Uganda na kurudi, akipita matope na vumbi na wanawake wanene wenye sukari chini ya gauni. Halafu akahamia Kampala, na sasa alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari katika gereji moja ya Kisenyi. Alikaa Kinawataka, chini kabisa ya kilima cha Mbuya, pamoja na mkewe Akech na binti zao watatu. Cleopas naye alikuwa mpishi katika nyumba kubwa juu ya kilima hichohicho, na hakuacha kuwakumbusha watu nani anakaa juu na nani anakaa chini.

Basi Cleopas akasimama, koti la marehemu tayari mgongoni, akauliza kwa sauti ya upole, ile anayoitumia mtu mwenye kisu mfukoni.

"Makokha ana wasichana watatu. Tukimpa baiskeli ya mzee, si itaolewa?"

Watu wakacheka, hata waliokuwa bado na machozi. Makokha alikuwa amekunywa busaa ya matanga kupita kipimo cha majonzi yake. Akajibu kwamba binti yake mkubwa, Nelima, ataipandisha baiskeli hiyo mpaka lango la Cleopas juu ya Mbuya, bila mguu kugusa ardhi. Angeishia hapo ingekuwa heri. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe huupanda mlima ule kila wiki kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika muwa anatafuna.

Senge Nabalayo akalidaka neno hilo kabla halijapoa. Akawapa wiki nne. Jumapili ya mwisho ya likizo ya Agosti angepanda basi aje Kampala kuangalia kwa macho yake. Msichana akifika langoni bila kukanyaga chini, baiskeli ni yake, hata akija kuolewa na shetani. Asipofika, inakwenda kwa mtoto wa kiume wa Cleopas, na suala la nani ana mrithi na nani hana lisisikike tena katika ukoo huo.

Nelima, miaka kumi na moja, alikuwa nyuma ya nyumba akisugua masufuria ya matanga. Habari ilimfikia kama posa inavyomfikia mwari: imekwisha kukubaliwa.

Sasa, ukweli ni huu. Makokha hakuwahi kupanda mlima kwa baiskeli tangu azaliwe. Busia ni tambarare kama sinia. Palipokuwa na kamwinuko, sheria ya mpakani ilikuwa abiria ashuke atembee na mwenye baiskeli asukume, na aliyepinga aliachwa hapo na mzigo wake. Mbuya alikuwa ameupanda mara nyingi, ndiyo, kwa miguu, siku ambazo jikoni kwa Cleopas kulibaki nyama ya sherehe.

Lakini mwalimu asiyejua kitu ndiye mwenye sauti kubwa. Siku ya pili baada ya kurudi Kampala, Makokha aliitoa baiskeli mbele ya nyumba kabla ya kwenda gereji, akaigeuza miguu juu, akaipaka mafuta, akaitekenya cheni. Ilikuwa ya zamani, aina ile ya chuma inayoitwa mamba nyeusi, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Breki zake zilikufa kabla ya mzee. Makokha alizibonyeza mara mbili, akaziacha hivyohivyo. Nani anafunga breki akiwa anapanda? Mlima wenyewe ni breki.

Kisha akafanya kosa ambalo mtu wa mpakani tu ndiye angeweza kulifanya. Alifunga gunia la mchanga kwenye karia.

Alikuwa na sababu zake. Katika miaka minane hakuwahi kwenda hatua kumi na karia tupu. Baiskeli isiyo na mtu wala gunia nyuma ilimyumbia mikononi, na akaamini kwa moyo wote kwamba mzigo ndio unaoinyoosha. Alimweleza Nelima kwamba baiskeli tupu ni kama mlevi aliyepotezana na wenzake, haijui ielekee wapi. Mtoto akatazama gunia. Akatazama mlima. Akapanda, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa vizuri.

Barabara ya kutoka Kinawataka huanza kwa ulaini, kama mkopaji. Inakupeleka taratibu mpaka kwenye mfenesi, hapo inakata kona na kusimama wima. Nelima alifika kwenye kona akiwa amesimama juu ya pedeli, maana kitako chake kilikuwa hakijafika kwenye siti. Akakanyaga mara ya kwanza. Gurudumu la mbele likainuka juu, taratibu, kama mbuzi dume anayetafuta majani, na baiskeli, mchanga na mtoto vikarudi nyuma na kukaa chini.

Makokha akasema ni mchanga umepungua. Akaongeza.

Wiki nzima ya kwanza ilikwenda hivyo. Kila asubuhi gurudumu liliinuka, kila asubuhi Nelima alikaa chini, na kila asubuhi watazamaji waliongezeka. Wazee wa Kiganda waliokuwa wakienda misa walitikisa vichwa wakiambiana omuwala ku ggaali, msichana juu ya baiskeli, kwa sauti ile ile wanayotumia kusema kuna moto. Koplo mmoja wa kambi ya Mbuya, jina lake Ochan, ambaye hununua sigara moja moja kwenye kibanda cha chai cha Akech, alisimama akauliza kwa Kiswahili chake cha jeshi:

"Mzee, hiyo mutoto umefungia gunia ya nini? Iko nahama?"

Wiki ya pili Makokha aliona dosari, akairekebisha. Mchanga, alisema, ni mzigo mfu, hausaidii. Akashusha gunia akakaa yeye mwenyewe kwenye karia, magoti yamekunjwa, mikono imeshika siti, akitoa amri kama nahodha. Walipita vizuri hatua ishirini. Kwenye ishirini na moja baiskeli ilisimama, ikafikiri, ikaanza kurudi kinyumenyume, na Makokha, aliyekuwa akitazama juu kulikokuwa na utukufu, hakuona biashara ya mkaa iliyokuwa nyuma yake. Alitoka humo ana rangi moja tu, na mwenye mkaa alimtukana kwa lugha tatu bila kurudia tusi.

Aliyecheka zaidi ni Mugisho, kinyozi Mkongomani, ambaye kibanda chake kilitazamana na rundo hilo la mkaa. Alicheka mpaka akamwacha mteja na nusu ya ndevu. Baadaye, alipopata pumzi, alimwita Makokha pembeni.

"Papa Nelima, weye unafundisha mutoto mulima na akili ya kiwanja. Miye nilizaliwa Bukavu. Kwetu, hata kuenda choo ni mulima. Mulima haupandwe namna hii."

Makokha alimjibu kwamba Wakongomani wanaendesha baiskeli za mbao, kwa hiyo wakitaka kumfundisha mtu waanze kwa kuchonga. Akaondoka akiwa ameshinda mabishano na kuacha kila kitu kingine.

Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado juu ya paa za Kinawataka, Nelima alikataa kupanda. Hakulia wala hakununa. Alisimama tu ameshika usukani, na viwiko vyake vina ngozi mpya ya waridi, akasema:

"Papa, panda wewe kwanza nione."

Makokha akasema goti linamwuma. Nelima akasema atasubiri. Akasema viatu hivi ni vya kazi. Nelima akavua kandambili zake akampa, na kisigino cha Makokha kikabaki nje chote. Akasema kuna upepo. Hapakuwa na upepo. Hata moshi wa chapati wa Akech ulikuwa umesimama wima kama mlingoti. Basi akapanda. Mtu aliyewahi kubeba pikipiki nzima kwenye karia na mwenye pikipiki juu yake, alikanyaga baiskeli tupu hatua kumi na tano kupita mfenesi, akayumba kushoto, akayumba kulia, akaweka mguu chini.

Alibaki pale akiwa amegeuzia mlima kifua, anahema. Hakutaka kumtazama mtoto.

"Nelima," akasema, "mlima huu sijawahi kuupanda na baiskeli. Huu wala mwingine."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Mama. Na Mugisho. Na yule koplo wa sigara."

"Kwa hiyo watu wote wanajua, isipokuwa ukoo."

"Hata senge anajua, Papa. Aliniuliza kule matanga, nikamwambia hujui. Akasema basi itabidi mmoja wenu ajifunze."

Kuna aibu zinazomwua mtu, na kuna aibu zinazomshushia mzigo. Makokha alisikiliza ndani yake ni ipi, akaona kwamba bado anapumua. Alisukuma baiskeli mpaka kwenye kibanda cha Mugisho, akaiegemeza ukutani, akakaa kwenye kiti cha kunyolea bila kualikwa, akasema anataka kunyolewa na kufundishwa, na kwamba Mugisho akicheka tena atamrudisha Bukavu kwa teke.

Mugisho alicheka. Kisha akafundisha. Alimwonyesha Nelima kwamba mlima haupandwi kama ngazi, unakatwa kama nyoka: kutoka ukingo huu mpaka ule, ukipanda kidogo kila safari, mlima usijue unaibiwa. Kifua kiende mbele juu ya usukani. Macho yatazame tairi la mbele, yasitazame juu, maana juu hakuna kinachomsaidia mtu ila kumtisha. Karia iwe tupu. Aliposema hilo la karia, alimtazama Makokha, na Makokha akatazama kioo.

Wakajifunza wote wawili. Asubuhi Nelima, jioni Makokha, na akishindwa baba, binti alimweleza kosa kwa adabu iliyouma kuliko matusi. Mwisho wa wiki ya tatu Nelima alipita mfenesi kwa nyoka saba. Wiki ya nne alifika kwenye ukuta wa kwanza wa matajiri, hatua mia mbili kutoka kwa Cleopas, ndipo mapaja yakagoma. Hapo ndipo alipofikia siku Senge Nabalayo aliposhuka kwenye basi. Hakuwahi kufika langoni hata mara moja.

Senge alikula kwa Akech jioni ya Jumamosi, akasifu samaki, akakosoa nyumba, akaweka sheria. Mguu wa mtoto usiguse chini. Na mkono wa Makokha usiguse baiskeli. Ukigusa, yeye atauhesabu ni mguu wa mtoto. Kisha akaenda kulala kwa Cleopas, kulikokuwa na godoro.

Jumapili baada ya misa, Nelima akaanza. Barabara ilikuwa imejaa watu waliojifanya wanakwenda mahali. Makokha alitembea pembeni yake, baadaye akakimbia, mikono ameikunja kwapani asije akaitumia kwa bahati mbaya. Alikuwa amejinong'oneza sala, jambo ambalo hakulifanya hata kaburini kwa baba yake, na alikuwa akiomba kitu kimoja tu, tena si baiskeli. Aliomba kwamba mtoto asije akakaa chini mbele ya Cleopas, halafu akakua akiamini kwamba pale ndipo mahali pake.

Nyoka wa kwanza, wa pili, wa tano. Mfenesi ukapita. Watoto waliokuwa wakishangilia wakabaki nyuma, pumzi zimewaishia. Ukuta wa matajiri ukaja, mahali mapaja yanapogoma, na Nelima akatoa ulimi nje kwa pembeni kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akaendelea. Kutoka hapo waliweza kuliona lango jeusi na Cleopas mbele yake, amevaa koti la mzee katika jua la saa sita, jasho linamchuruzika kwa sababu ya urithi. Senge alikuwa amekaa juu ya kigoda.

Ndipo pikapu ikashuka kutoka juu, imejaa viti vya harusi, ikachukua barabara yote.

Kwenda kama nyoka hakukuwezekana tena. Upande uliobaki ulikuwa upana wa sufuria, na ulikwenda moja kwa moja, wima. Nelima aliuona. Makokha akaona kwamba ameuona. Karia ilikuwa mbele ya mkono wake, karibu kiasi kwamba aliweza kuhesabu kutu. Kusukuma kidogo tu, kidole kimoja, na pikapu ingewaficha wasionekane na wale wa langoni. Pale mpakani alikuwa amepitisha vitu vikubwa zaidi ya kidole.

Akaiacha mikono kwapani. Hilo lilikuwa gumu kuliko mlima.

Nelima alishusha kifua mpaka kidevu kikagusa usukani. Akakanyaga, baiskeli ikasimama. Haikurudi wala haikwenda. Ilining'inia pale, cheni inalia. Akakanyaga tena. Pikapu ikapita ikiwamwagia wote wawili vumbi na nyimbo, na vumbi lilipotulia Makokha alimwona mtoto wake yuko mbele yake hatua tano, kumi, nyoka mmoja mfupi, halafu lango.

Halafu akapita lango.

Watu wengi hawajui jambo hili kuhusu Mbuya, kwa sababu huishia juu: barabara ikifika kwenye nyumba ile hulala kidogo, ikavuta pumzi, halafu ikaanguka upande wa pili kuelekea Kitintale. Kwa wiki nne watu wazima wawili, baba na kinyozi, walimfundisha Nelima kupanda. Hakuna aliyekumbuka kwamba kitu kilichopanda lazima kifanye kitu kingine baadaye. Cleopas alimwona anapita miguu iko juu ya pedeli, macho kwenye tairi kama alivyoambiwa, na Senge, ambaye hakuwahi kusimama haraka tangu mwaka wa uhuru, akasimama. Kisha msichana akatoweka, na sauti pekee iliyobaki ilikuwa kengele, maana hiyo ndiyo sehemu ya baiskeli iliyokuwa bado inafanya kazi.

Makokha alilipita lango akikimbia. Nyuma yake alimsikia Cleopas akianza kueleza kwamba mapatano yalikuwa kufika langoni, na mtu aliyepita hajafika, ni kama basi lisilosimama kituoni, unaweza kusema limekufikisha? Akamsikia Senge akimjibu, bila haraka, kwamba yeye alisema ifike, hakusema ilale hapo, na kwamba avue koti hilo kabla hajaiva.

Walimkuta chini, karibu na Kitintale, ndani ya mtaro mkavu, amekaa juu ya rundo la majani ya ndizi ambalo mtu mwema fulani alikuwa amelitupa hapo kinyume cha sheria. Goti moja limechunika. Gurudumu la mbele limejikunja kama sambusa. Mwanamke mmoja alikuwa akimpa maji kwenye kikombe na kumwuliza kama ana wazazi.

Makokha alipiga magoti, akampapasa mikono, miguu, kichwa, hakupata kilichovunjika. Nelima alimtazama kupitia vumbi.

"Nilifika?"

"Ulipita," Makokha akasema. Akatema mate pembeni, kama mtu aliyemeza vumbi.

Cleopas akafika na walioachwa nyuma, koti amelitundika begani, anahema kama mvuke wa jikoni kwake. Alilitazama gurudumu lile kwa muda. Ukaona kabisa hesabu za urithi zikipita usoni pake na kutoka upande wa pili. Alisema mtoto wake hata hivyo ana miguu mibovu ya kuendesha, na kwamba baiskeli zenyewe siku hizi zimepitwa na wakati. Kisha, kwa kuwa si mtu mbaya, ila ni kaka tu, alitoa leso ya mzee mfukoni mwa koti akamfunga Nelima goti, akamwambia huko juu kuna pilau.

Makokha akashuka mtaroni, akaishika baiskeli kwenye fremu aibebe begani.

"Papa," Nelima akasema, "hiyo ni yangu."

Makokha akaachia kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Alitazama huku na huku, Cleopas akatazama angani, na yule mwanamke wa maji akakumbuka ana kazi ndani. Makokha akajifuta mikono kwenye suruali.

"Naomba nikusaidie kuibeba," akasema.

Nelima alisimama, akajaribu goti, akalizunguka lile gurudumu mara moja akilikagua, kama wanavyofanya matajiri wanapoleta magari yao gereji.

"Shika mbele," akamwambia. "Mimi nitashika nyuma."